Kabla Hujamtetea Tajiri wa Timu Yako, Toa Kadi

Timu yangu siitaji. Nikiitaja, nusu yenu mtaacha kusoma hapahapa, na nusu iliyobaki mtakubali kila nitakachosema bila kukipima. Itoshe kujua kwamba ni moja ya zile mbili za Kariakoo, Simba au Yanga, na kwamba nimeishabikia tangu nikiwa nasikilizia mpira redioni, mtangazaji akipiga kelele na sisi hatujui mpira uko upande gani.

Siku ninayotaka kuisimulia ilikuwa Jumapili, kijiweni kwetu Tandika. Tulikuwa tumefungwa jana yake. Mimi na shemeji yangu tulianza kubishana hata kahawa haijachemka. Yeye anasema tajiri aondoke, ameigeuza timu duka lake. Mimi namtetea tajiri utadhani tumenyonya ziwa moja. Nikafika mahali nikamwambia, "Haya, akiondoka, mishahara ya wachezaji utalipa wewe na hiyo bodaboda yako?"

Shemeji akanyamaza. Nikajiona nimeshinda.

Pembeni palikuwa na mzee anacheza drafti, hata uso hakuinua. "We mwanangu, kadi yako namba ngapi?"

"Kadi gani, mzee wangu?"

Kijiwe kizima kikaangua kicheko, na muuza kahawa akacheka mpaka akaweka birika chini. Mzee akaingiza mkono mfuko wa shati, akatoa kadi iliyolegea pembe, picha ya kijana mwenye nywele nyingi, rangi ya klabu imefifia mpaka huijui. Akaiweka juu ya ubao, katikati ya kete. "Hii ndiyo inayoongea na tajiri," akasema. "Wewe unampigia makofi tu."

Nilikuwa na jezi tano nyumbani. Kadi ya uanachama, hata ya kuazima, sikuwa nayo.

Basi ushauri wangu wa kwanza kwa yeyote anayeingia kwenye ubishi huu ni huo: ulizia kadi, lipia ada. Ada yangu ya mwaka haifiki bei ya jezi moja halisi, lakini jezi haina kura. Tangu serikali iweke utaratibu wa wanachama kubaki na asilimia 51 na wawekezaji kuishia 49 kwenye klabu hizi za wananchi, watu wanaitaja hiyo 51 kama vile ni ngao iliyotundikwa ukutani. Ngao ya nani? Ya wenye kadi hai wanaofika kwenye mkutano. Mimi na kelele zangu zote sikuwemo hata kwenye nusu ya asilimia.

Wajerumani wana kitu kinachofanana na hicho, tangu mwaka 1998: wanachama lazima wabaki na kura zaidi ya nusu. Ukitaka kujua namna sheria hiyo inavyoweza kukaa kwenye karatasi tu, itazame RB Leipzig, klabu yenye wanachama wa kupiga kura wachache kiasi kwamba wangeenea kwenye daladala moja. Halafu tazama upande wa pili. Mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024, ligi yao ilipotaka kumuuzia mwekezaji sehemu ya mapato ya haki za matangazo, mashabiki walirusha mipira ya tenisi uwanjani wiki baada ya wiki, mechi zinasimama, wachezaji wanaokota mipira kama watoto. Februari 2024 ligi ikaachana na mpango huo. Sisemi twende Uwanja wa Mkapa na mipira ya tenisi, polisi wetu tunawajua. Nasema wale watu walijua wanapinga nini hasa, sentensi kwa sentensi.

Na hapo ndipo sisi tunapoanguka. Kijiweni tunasema "tajiri" kana kwamba matajiri wote wamekuja kwa mlango mmoja, kumbe kuna mfadhili, kuna mdhamini, kuna mwekezaji, na ukiwachanganya hawa utabishana mpaka kesho bila kufika.

Mfadhili anatoa mfukoni kwa mapenzi. Siku mapenzi yakiisha, au mambo yake yakiharibika, hana mkataba wa kukushikia. Watu wa Yanga hawahitaji kusimuliwa. Yusuf Manji aliibeba klabu miaka mingi, akawa mwenyekiti mwaka 2012, akaachia ngazi 2017. Baada yake bakuli likatembezwa, na sitanii, neno lilikuwa hilohilo: kutembeza bakuli. Mwananchi mwenye buku anatoa buku. Miaka michache mbele, ikiwa na kampuni ya GSM nyuma yake, Yanga hiyohiyo ilicheza fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika 2023. Timu ile ile, mapenzi yale yale ya mashabiki. Kilichobadilika ni mfuko.

Mdhamini yeye ananunua kifua cha jezi. Mwaka 2017 SportPesa walikaa kwenye kifua cha Simba na cha Yanga kwa wakati mmoja, na hakuna aliyesema wameinunua timu. Lakini majirani zetu Kenya walionja upande mwingine 2019, kampuni hiyohiyo iliposimamisha udhamini wake kwa sababu ya mgogoro wa leseni, na Gor Mahia na AFC Leopards wakabaki wanatazamana.

Mwekezaji ananunua hisa, na hapo mambo ni mazito. Mohammed Dewji alipojitokeza Simba mwaka 2017 na bilioni 20, wengi walishangilia tarakimu. Ubingwa ulikuja mara nne mfululizo, kuanzia 2017/18, na robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika 2018/19. Wengine wakaanza kuuliza hela inaingia lini, akaunti ipi, na klabu ilithaminishwa vipi hata ikafikia bei hiyo. Walioshangilia wakawaita wauliza maswali wasaliti. Mimi nadhani wote wawili walikuwa mashabiki wazuri. Kosa lilikuwa kudhani kwamba kombe ni jibu la swali la hesabu.

(Anayesema hela ndiyo kila kitu, naye nampeleka Chamazi. Azam FC wana uwanja wao, wana tajiri wao Bakhresa, wanalala kwenye miundombinu ambayo sisi tunaiota. Ubingwa wa ligi wanao mmoja, wa 2013/14, waliouchukua bila kufungwa. Siku wakicheza na timu yangu, hata nyumbani kwao, jukwaa linajaa rangi zetu.)

Baada ya aibu ya Tandika nikatafuta kadi. Mkutano mkuu ulipoitishwa, nikavaa suruali ya kadeti, nikaenda. Nilitegemea vita. Nikakuta watu wanagombania maji ya chupa na picha na wachezaji. Taarifa ya fedha ilisomwa kwa kasi ya mtu anayewahi basi la mwisho, kurasa chache tu, na makofi yalipigwa kabla hajamaliza. Nikanyoosha mkono mpaka kwapa likauma. Nilipopewa maikrofoni nikauliza swali moja: hela anazotoa tajiri, kwenye vitabu zimeandikwa msaada au mkopo?

Ukumbi ukatulia kidogo. Aliyesoma taarifa akamtazama mwenyekiti, mwenyekiti akatazama saa. Nikaambiwa nitajibiwa kwa maandishi. Barua hiyo mpaka leo naingojea.

Swali lenyewe sikulibuni. Pale Chelsea ya Uingereza, hela za tajiri Mrusi Roman Abramovich zilizokuwa zikiitwa mapenzi zilikuwa zimeandikwa kama deni, kiasi cha pauni bilioni 1.5. Vita vya Ukraine vilipomlazimu kuiuza klabu mwaka 2022, alisema hataidai. Bahati yao. Wewe usiiweke timu yako kwenye kusubiri bahati. Ukienda mkutanoni, nenda na swali hilo, na uliandike kwenye karatasi, maana ukishika maikrofoni utasahau.

Kuhusu kubishana kwenyewe, nina machache tu, na nimeyalipia. Usibishane usiku wa kufungwa. Subiri angalau ulale. Usiguse kazi ya mtu. Ile bodaboda niliyomtajia shemeji ndiyo inayosomesha watoto wa dada yangu, na alitoka kwenye kundi letu la WhatsApp bila kuaga, akakaa miezi miwili. Nilimfuata nyumbani na kilo mbili za nyama. Hakuigusa mada, nami sikuigusa, tukala, tukatazama mechi ya watu wengine kabisa.

Na ukimkuta anayempinga tajiri, muulize nani alipe badala yake. Ukimkuta anayemtetea, muulize siku akiondoka ataacha nini. Wote wawili watakasirika kidogo.

Mwezi uliopita nilirudi kijiweni nikiwa na kadi yangu, plastiki inang'aa, nimeivisha kamba shingoni. Nikamwamkia mzee, shikamoo, marahaba, nikaivua nikamwekea juu ya ubao wa drafti, katikati ya kete, kama alivyofanya yeye. Alivaa miwani. Akaisoma mbele, akaigeuza nyuma, akaisogeza mbali kidogo na macho.

"Ada yako imeisha tangu Juni," akasema, akanirudishia, akala kete mbili za mwenzake aliyemwachia nafasi.