Kilimia Kina Umri Gani? Na Maswali Mengine ya Nyota

Shikamoo Mwalimu. Wazee wetu husema Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua. Je, kimekuwepo tangu dunia iumbwe? (Msomaji, Mikindani)

Marahaba. Hapana, Kilimia, kundi hili la nyota, bado kichanga. Nyota zake, ambazo zinapita elfu moja, zilizaliwa pamoja miaka milioni 100 na ushei iliyopita. Wale mijusi wakubwa ambao mifupa yao ilifukuliwa Tendaguru, Lindi, waliishi miaka milioni 150 hivi iliyopita, kwa hiyo hawakukiona. Wala hakitadumu: kwa makadirio ya kompyuta, kitakuwa kimetawanyika baada ya miaka milioni 250 hivi.

Kompyuta inajuaje ya mamilioni ya miaka, na mvua ya kesho tu inatushinda? (Mwanafunzi, Nachingwea)

Umenibana vizuri. Nyota zina nafuu moja: kinachoziendesha zaidi ni mvutano, ule wa Newton. Programu hupewa uzito wa kila nyota, mahali ilipo na mwendo wake. Hukokotoa inavyovutwa na wenzake wote, huisogeza kidogo, kisha huanza upya. Kinachotesa ni wingi. Nyota 1,000 zina jozi 499,500 za kukokotoa katika kila hatua. Nyota milioni moja, jozi karibu bilioni 500! Ndiyo maana mwaka 1960 mtaalamu wa nyota Sebastian von Hoerner, kule Ujerumani, aliishia nyota 16. Sverre Aarseth wa Cambridge alifika 100 mwaka 1963. Milioni moja ilipatikana juzijuzi tu.

Ila mtego wako una ukweli. Nyota moja moja haitabiriki hata huku, maana kosa dogo la mwanzo hukua haraka. Tunachokiamini ni mwenendo wa kundi zima: nyota nzito huzama katikati, nyepesi husukumwa pembeni, na baadhi hutoroka kabisa.

Huwa zinagongana? (Masasi)

Kwenye Kilimia, ni nadra mno. Kwenye Omega Centauri, kundi jingine lenye nyota karibu milioni 10, nafasi ni kubwa zaidi. Itafute Mei au Juni usiku, ukiwa Msimbati mbali na taa: doa la ukungu, huhitaji darubini.

Laptopu yangu itaweza? (Lindi mjini)

Kwa nyota mia kadhaa, bila wasiwasi, lugha ya programu ya Python inatosha. Anza na mbili zinazozungukana, uangalie jumla ya nishati, ambayo haipaswi kubadilika. Ikibadilika sana, fupisha hatua, hasa zinapokaribiana, kabla hujamlaumu Newton.