Maswali yenu ya filta: nendeni dukani na namba

Wiki hii najibu ya filta za gari tu, maana meseji zimejaa na nusu yake zinauliza kitu kile kile. Maswali nimeyafupisha, msininunie.

Nina IST, nipo Dodoma, ninakofanyia kazi ni vumbi tupu. Fundi kila sevisi anaipuliza filta ya hewa na kompresa ananiambia bado nzima. Ni kweli?

Kaka, hiyo kompresa ndo inayokumaliza. Karatasi ya filta ya hewa ni laini, ukiipiga kwa karibu na upepo wa kujazia matairi inaachia, inatoka nyeupe unafurahi kumbe saa hizi inapitisha mchanga. Na wengine hawaishii hapo, kwanza anaipigiza kwenye tairi paa paa paa mpaka raba ya pembeni inapinda, afu ndo anapuliza, tena kutokea upande mchafu, yaani vumbi analisukumia ndani zaidi. Kama umekwama porini na duka hakuna, puliza kutokea upande msafi, upepo mdogo, kwa mbali, ikufikishe mjini ununue nyingine.

Jipimie mwenyewe bila fundi. Fungua klipu za boksi, toa filta, washa tochi ya simu nyuma yake: mwanga usipopita kabisa imeziba, ukiona vidoa vikali kama nyota imetoboka. Afu chukua kitambaa cheupe ufute ndani ya lile bomba linalotoka kwenye boksi kwenda injini, upande ambao hewa ilitakiwa iwe imeshachujwa. Kitambaa kikitoka na rangi ya udongo wa hapo kwenu, ujue filta imechanika au haijakaa vizuri kwenye boksi, na vumbi hilo linasaga ringi na silinda taratibu mpaka siku gari linaanza kula oili na wewe unailaumu oili.

Kwa anayetembea lami tupu filta ya hewa inaweza kufika kilomita 20,000 hata 30,000. Wewe ichungulie kila 5,000, na ikikutaka ubadilishe kwenye 10,000 usishangae. Ila usiwe na pupa pia, filta yenye uchafu kidogo inachuja vizuri kuliko iliyotoka kwenye nailoni leo, kwa hiyo rangi peke yake isikutishe.

Kijana wangu, nina Toyota Probox ya biashara hapa Dar. Nilienda kwenye maduka ya spea ya Gerezani na filta ya oili ya zamani, nikapewa inayofanana nayo, boksi limeandikwa Nissan. Fundi anasema imeingia vizuri tu. Niache?

Shikamoo mzee. Usiiache, na gari usilitembeze mpaka itoke hiyo.

Filta za oili za Toyota za petroli, zile za kopo za kukaza kwa mkono, uzi wake, ile mikato ya kukazia, ni 3/4-16, yaani upana wa robo tatu ya inchi, milimita 19.05. Za Nissan nyingi ni M20x1.5, milimita 20. Tofauti haifiki hata milimita moja, ndo maana fundi anakwambia imeingia, ni kweli inaingia, inazunguka na inakaza, lakini uzi umeshikana nchani tu. Siku moja asubuhi unawasha gari, oili bado nzito, presha inapanda, filta inaruka na oili yote inabaki barabarani, na injini haiwezi kukusubiri utafute pa kuegesha.

Kosa lilianzia kwenye kubeba filta ya zamani kama sampuli. Nani kakwambia ile ya zamani ilikuwa sahihi? Labda naye aliyeifunga alipewa kwa macho hivyo hivyo. Nenda na namba ya fremu iliyo kwenye kibati ndani ya boneti, muuzaji aitafute kwenye katalogi, siku hizi wengi wanayo kwenye simu. Na ukishika boksi soma tarakimu tano za mwanzo. Toyota: 90915 ni filta ya oili ya kopo, 04152 ni ile ya karatasi tupu inayokaa ndani ya kikombe chake kama kwenye Prius ya injini ya 2ZR, 17801 ni ya hewa. Nissan: 15208 ni ya oili na 16546 ya hewa. Kwa hiyo mzee ungeona 15208 ungeirudisha pale pale kaunta. Si lazima iwe ya Toyota yenyewe, hata ya Sakura, Bosch au Mann chukua, mradi katalogi yao inasema ni ya injini yako.

Orijino na feki nazitofautishaje?

Kwa boksi siku hizi utadanganywa, hata hologramu wanabandika. Mwaka jana nilizipasua mbili kwa msumeno wa chuma, zote boksi lina nembo ile ile. Moja mikunjo ya karatasi imebanana, ina kiraba cha kuzuia oili isirudi chini ukizima gari. Nyingine mikunjo unaihesabu kwa vidole, gundi imemwagika, na hicho kiraba kimekakamaa kama ganda la muhogo. Sasa wewe dukani huna msumeno, lakini chungulia vile vitundu vya pembeni, ingiza kijiti, sukuma taratibu: kiraba kibonyee na kirudi. Na filta ya bei ya chipsi mayai, dada yangu, usiniulize.

Nikimwaga oili, lazima filta ya oili nayo?

Ndiyo. Imejaa oili chafu, utachafua mpya kabla hujatoka gereji.

Zile za hewa za kuosha vipi, zinafaa?

Kwa mjini sawa, kwa vumbi mimi siziamini. Zinapakwa mafuta maalumu, na watu wakizidisha yanaruka mpaka kwenye sensa ya hewa, taa ya injini inawaka. Nunua ya karatasi.

Nimetoka sevisi jana, leo asubuhi nimekuta oili chini ya gari, inatokea kwenye filta. Fundi anataka akaze zaidi na ile cheni ya kufungulia filta.

Mzuie! Fungua filta uangalie pale inapokaa kwenye injini. Mara nyingi raba ya ile ya zamani inabaki imeganda pale, inafungwa mpya juu yake, raba mbili zinakutana na hazizibi hata ukaze na trekta. Bandua, futa, paka oili mpya kidogo kwenye raba, zungusha kwa mkono mpaka iguse, kisha ongeza robo tatu ya mzunguko. Angalia kipimo cha oili, ongeza kama imepungua, washa, acha dakika mbili, inama uchungulie.