Kabla ya kupiga dawa uzio wa maua: anza na sisimizi

Mkuu, umeuliza kama upige dawa uzio wako wa haibiskasi na bogenvilia huko Bwiru, Mwanza, kando ya Ziwa Victoria, sasa hivi, vuli ikikaribia. Weka bomba chini kwanza. Mwisho wa Septemba ni wakati wa kukagua.

Tafuta sisimizi. Ukiona msururu unapanda shina, ufuate mpaka juu. Sisimizi hawajafuata majani, wamefuata maji matamu yanayotolewa na wadudu wanaonyonya mmea: vidung'ata, wadudu mafuta au magamba, na kwa ajili hiyo wanawalinda dhidi ya wadudu wanaowala. Geuza majani ya ncha, chungulia kwenye pacha za matawi. Kitu cheupe kama pamba ni vidung'ata. Majani yenye masizi meusi yana ukungu unaoota juu ya maji hayo matamu. Kuyafuta huku wadudu wapo ni kazi bure.

Magamba ndiyo yanayosumbua wengi, maana mkubwa amejifunika na dawa inayoua kwa kumgusa mdudu haimpati. Wapige dawa watoto wake, wakiwa bado wanatembea. Zungushia kitawi seloteji yenye gundi pande zote mbili, ikague kila wiki kwa lenzi. Vikinasa vinukta vya njano au rangi ya chungwa, siku ya kupiga imefika.

Miti iliyobanana na mawe yetu haya hukauka upesi na utitiri huipenda. Gonga tawi juu ya karatasi nyeupe. Vumbi likianza kutembea, ndio wao.

Kwa wadudu laini hawa, mililita 10 za sabuni ya maji ya kawaida kwa lita 1 ya maji zinatosha. Epuka yenye dawa ya kung'arisha nguo. Jaribu majani machache, subiri siku mbili. Piga jioni, chini ya majani hadi yaloane, rudia baada ya siku 7 kwa sababu mayai hayafi. (Vile vidudu vya ziwani vinavyojaa kwenye taa na kufia juu ya majani usivipige, havili mmea.)

Magugu: ndago itatangulia kuota, mvua ya kwanza tu ikinyesha. Ukiipiga jembe unakata mnyororo wa viazi vyake na kila kimoja kinachipua. Subiri udongo ulowe, ingiza uma wa bustani, uichomoe na viazi vyake, ukirudia kila majani mapya yakitokeza. Glaifoseti, dawa ya kuua magugu, isiguse majani wala magome mabichi ya maua, na karibu na maji ya ziwa usiitumie kabisa.

Ukikuta nyuzi za njano zimetambaa juu ya uzio, huo ni mlangamia, mmea unaonyonya mimea mingine. Usiuvute. Ukate pamoja na matawi yaliyoshikwa nao, kabla haujatoa mbegu, uchome moto. Kipande kikibaki juu ya tawi kinashika upya.