Wakikuletea asilimia 30, usitie sahihi

Wiki jana msomaji mmoja wa Voi aliniandikia: "Dada, hakimu amesema matatu ilipe asilimia 60 na lori asilimia 40. Mwenye matatu hapatikani. Ndiyo kusema hizo 60 zimepotea?"

Hazijapotea, mama, na najua kwa sababu nimepita hapo hapo.

Mimi nilikuwa abiria. Matatu yetu iligongana na lori kwenye barabara ya Mombasa kwenda Malindi, nami nikavunjika nyonga. Wakili wangu aliwashtaki wote wawili. Mahakama ikaona matatu ina makosa asilimia 70 na lori 30. Mimi sikulaumiwa hata chembe, kwani abiria aliyeketi kitini mwake angefanya nini?

Kumbe kushinda kesi ni jambo moja na kulipwa ni jingine. Kampuni ya bima ya matatu ilikuwa imewekwa chini ya usimamizi na malipo yote yakasimamishwa. Mwenye gari akazima simu. Ndipo upande wa lori ukaleta hundi ya asilimia 30, pamoja na karatasi ya kukubali kwamba nimelipwa madai yangu yote. Mjomba akasema, "Chukua hicho kidogo, mwanangu, ushukuru Mungu." Nyumbani wote wakamuunga mkono. Nilikataa nikiwa natembea kwa mkongojo na kodi ya nyumba sijalipa, na maneno niliyoambiwa siku zile bado yananiuma.

Nilikataa kwa sababu nilikuwa nimesoma amri ya mahakama mwenyewe. Ilisema wadaiwa watalipa kwa pamoja na kila mmoja peke yake. Maana yake, mtu asiye na kosa anaweza kudai fidia nzima kutoka kwa mdaiwa yeyote kati yao. Zile asilimia ni hesabu yao wenyewe kwa wenyewe. Tuseme fidia ni shilingi 2,000,000. Mwenye lori anaweza kulipa zote, halafu amfuate mwenye matatu amrudishie 1,400,000. Sheria ya Kenya, Sura ya 26, inampa haki hiyo ya kudai mchango. Asipompata, hasara ni yake, si ya aliyevunjika mguu. Wapo wanaosema huo ni uonevu kwa mwenye kosa dogo. Mimi sioni hivyo. Kati ya aliyekosea kidogo na asiyekosea kabisa, nani abebe mzigo wa mufilisi, yaani asiyeweza kulipa?

Wakili akaomba utekelezaji dhidi ya lori, madalali wa mahakama wakatumwa, na bima ya lori ikalipa yote. Nilitoka pale kichwa juu.

Kwa hiyo soma amri yako. Usingoje kusimuliwa na wakili, omba nakala uisome. Ikiwa hakimu ameandika kwamba kila mdaiwa alipe fungu lake tu, hapo kuna shida ya kweli: rufaa kutoka kwa hakimu kwenda Mahakama Kuu ina siku 30 tu. Na usitie sahihi karatasi ya mdaiwa mmoja kabla wakili hajakwambia itafanya nini kwa madai yako dhidi ya mwingine. Narudia, usitie sahihi. Jua pia kwamba bima ya lazima ya gari ina kikomo cha shilingi milioni 3 kwa mtu. Kinachozidi humfuata mwenye gari.

Jambo la mwisho ni kwa wale ambao kesi zao bado mbichi. Mdaiwa akimvuta mtu wa tatu kesini, akidai huyo ndiye mwenye kosa, mwambie wakili wako abadilishe madai amwongeze kama mdaiwa. Usipomdai wewe mwenyewe, hukumu dhidi yake haitakuwa yako. Ufanye hivyo mapema, kwa maana muda wa kudai fidia ya ajali ni miaka 3, na huhesabiwa kuanzia siku ya ajali.