Sifa za kuwa askari wa wanyamapori

Kupenda wanyama tu hakutoshi, ndugu. Kwa kawaida utadaiwa cheti cha sekondari, mafunzo ya uhifadhi, rekodi safi ya jinai na afya njema, macho yakiwemo. Umri hutegemea tangazo la kazi, lisome vizuri.

Wengi hukwama kwenye mazoezi: wamejifua kwa raba na mgongo mtupu, kumbe doria ni buti na begi zito la maji. Anza na mzigo mdogo, ongeza polepole, la sivyo magoti yatakulaza.

Jifunze ramani, dira, na hasa kuandika ripoti. Ukiokota ganda la risasi kabla ya kulipiga picha na kurekodi lilipokuwa, wakili wa mtuhumiwa wa ujangili atakipinga kielelezo hicho mahakamani. Leseni ya udereva nayo husaidia.