King'ora cha zamani cha sensa zisizo na waya: usikitupe kwanza, soma yaliyonikuta

Mkuu mleta uzi, nimekuelewa. Umehamia nyumba aliyoacha mzee, umekuta boksi jeupe la king'ora lenye laini ya simu ndani, sensa nne za mwendo na mbili za mlangoni, zote hazina waya. Usiku kinalia bila mtu. Mchana ukipita sebuleni kimya, hata taa ya sensa haiwaki. Unauliza utengeneze au utupe.

Mimi nina cha aina hiyo hapa Kimara tangu 2013, nilikinunua Kariakoo kikiwa kwenye boksi lenye maelezo ya Kichina na Kiingereza cha kubahatisha. Kimeninyima usingizi, kimenigombanisha na jirani, na bado kipo ukutani. (Sensa ninazosema hapa siyo ile ya watu na makazi, maana kuna wajuaji humu.)

Jambo ambalo fundi aliyenifungia hakuniambia ni hili: sensa zile zinasema tu, hazisikii. Ikiona mtu inatupa ujumbe hewani kwenye masafa ya 433.92 MHz, basi, imemaliza kazi. Haijui kama boksi limepokea. Na boksi nalo halina namna ya kuuliza, "wewe wa jikoni, upo?" Mitambo ya siku hizi sensa na boksi zinajuliana hali. Hii yetu ya zamani haina habari hizo, kwa hiyo sensa zote nne zinaweza kufa na boksi likaendelea kukuwashia taa ya kijani kama kawaida.

Nililipia somo hilo Desemba 2015. Tulikwenda Moshi kwa sikukuu, kurudi tukakuta mtungi wa gesi na redio ya jikoni vimeondoka. Boksi linang'aa kijani, halijatuma hata meseji moja. Sensa ya jikoni ilikuwa na betri iliyokufa, hata sijui tangu lini.

Kwa hiyo anza na betri. Za mwendo mara nyingi zinatumia ile ya mraba ya volti 9, na rimoti pamoja na sensa za mlangoni zinatumia kile kibetri kifupi cha volti 12 kinachoandikwa 23A. Usidanganyike na taa nyekundu ya sensa kuwaka. Taa inahitaji umeme kidogo sana. Kutuma mawimbi kunahitaji nguvu zaidi. Nimeshawahi kuwa na sensa inayomeremeta vizuri nikipita lakini boksi halisikii chochote. Niliipima betri peke yake kwa mita ikasoma 8 na kitu, nikaona nzima. Nilipoipima ikiwa ndani ya sensa huku mwanangu anapita mbele yake, namba ilidondoka hadi 6. Betri ilikuwa imekwisha. Na zile za bei ya kutupa usiweke, zinavuja na kuozesha vile visahani vya shaba.

Kabla hujaihukumu ile ya sebuleni, jua kwamba nyingi zinalala ili kutunza betri. Zikishaona mtu hazisemi tena mpaka chumba kikae dakika kadhaa bila mtu. Zangu ni dakika tatu. Sasa wewe unapitapita mbele yake kila nusu dakika ukiijaribu, ndiyo kwanza unazidi kuilaza. Toka, funga mlango, kanywe chai, kisha rudi. Ndani ya baadhi kuna jampa (kale kakifuniko ka kuunganisha pini mbili) ya majaribio ya kuizuia isilale, ila ukimaliza kujaribu irudishe, la sivyo betri haitamaliza mwezi.

Halafu joto. Ile sensa haioni mtu, inaona tofauti ya joto kati ya mtu na kilichoko nyuma yake, tena tofauti inayosogea. Februari saa nane mchana, nyumba ya bati bila silingi, ukuta umepata moto unakaribia joto la mwili: sensa inakuona kwa shida. Usiku ukuta ukipoa inakuwa kali. Ndiyo maana yako inaonekana zoba mchana na mbea usiku, inawezekana kabisa haina ubovu. Angalia pia ilivyokaa. Inamnasa vizuri mtu anayekatiza mbele yake kuliko anayeijia moja kwa moja. Ikae kwenye kona, urefu wa mita mbili hivi, isitazame dirisha lenye jua wala pazia linalopigwa na feni.

Kuhusu kulia usiku, kwangu mkosaji wa kwanza alikuwa mjusi kafiri. Si utani. Mjusi akiwa mbali sensa haimjali, lakini akitambaa juu ya kile kioo cheupe cha plastiki chenyewe, kwa sensa amekuwa mkubwa kama ng'ombe. Alikuwa anafuata wadudu waliokuja kwenye taa iliyokuwa karibu na sensa. Nilihamisha taa. Nilipofungua kasha nikakuta na sisimizi wamepanga ndani, wamejaza vumbi na mayai juu ya bodi, wameingia kwa tundu la waya lisilotumika. Nilisafisha kwa mswaki mkavu, nikaziba tundu kwa silikoni, na kelele za saa tisa usiku zikapungua kwa kiasi kikubwa.

Mkosaji wa pili alikuwa jirani, na hii ndiyo iliyoleta maneno. Alipoona changu akanunua cha kwake, duka lilelile. Wiki hiyohiyo nikaanza kuona king'ora changu kinajizima chenyewe alfajiri, karibu saa kumi na mbili na dakika ishirini, kila siku ya kazi. Nikamwita fundi mara mbili, akala nauli bure. Siku moja nimesimama uani na kikombe, jirani akabonyeza rimoti yake atoke kwenda kazini, na kwangu ndani nikasikia "piiip". Alikuwa anazima chake na changu pamoja! Mimi nilikuwa nimeshaanza kumdhania vibaya, Mungu anisamehe.

Sababu iko ndani ya rimoti na sensa. Fungua uangalie chipu. Ikiwa imeandikwa 2262, namba ya siri, ile ambayo boksi linatambulia vifaa vyake, inapangwa kwa mkono: kuna safu ya vituo vinane, kila kimoja unakiunganisha juu, chini, au unakiacha wazi. Hiyo inakupa mipangilio 6,561 tu, na kiwandani au dukani wengi wanaviacha vilevile kwa boksi zote. Tulikaa na jirani jioni moja tukabadilisha zangu zote kwa jampa, rimoti ikabidi kulehemu, kisha nikazisajili upya kwenye boksi moja baada ya nyingine. Ugomvi ukaisha. Kama chipu yako ni ya 1527, hiyo inatoka kiwandani na namba yake kati ya zaidi ya milioni moja, huna cha kupanga. Ila aina zote mbili zinatuma namba ileile kila mara, kwa hiyo wale mafundi wanaonakili rimoti za mageti wanaweza kunakili na hii. Usimwachie rimoti mtu wa kuosha gari.

Ukinunua sensa ya kuongezea, uliza vitu vitatu: masafa 433, chipu, na kile kipinzani cha spidi (rezista inayopanga spidi ya kutuma namba; changu ni 4.7M, yaani megaohm). Ukichanganya 4.7 na 1.5 boksi litakataa kuisajili na muuzaji atakuambia boksi ndilo bovu.

Kisa kingine, 2018 wakati wa masika, sensa zote zilinyamaza siku moja. Betri mpya, namba sawa, hakuna kitu. Kijana mmoja mlinzi wa mtaa wa pili ana redio koli, akaiweka 433.920 tusikilize. Kwa kawaida sensa ikishtuka unasikia mkwaruzo mfupi, krrr, basi. Siku ile ulikuwa mkwaruzo mmoja usiokatika. Tukazunguka nao kama watu wanaotafuta kuku aliyepotea, ukizidi kuwa mkali tukielekea getini kwangu mwenyewe. Kitufe cha kengele ya mlangoni, nacho hakina waya, kilikuwa kimeingia maji ya mvua na kujibonyeza moja kwa moja. Kilikuwa kinapiga kelele juu ya sensa zote. Nilichomoa betri yake, nyumba ikarudi kusikia.

Mlango wako ukiwa wa chuma, usibandike sensa moja kwa moja juu yake. Chuma kinadhoofisha ile sumaku inayoiambia sensa kuwa mlango umefungwa, na kinayameza mawimbi. Weka kipande cha ubao cha sentimita moja hadi mbili kati yao. Na ile antena ya boksi isijifiche nyuma ya friji. Kama imekatika, waya mmoja wa sentimita 17 ulionyooka unatosha.

Laini ya simu angalia leo hii. Ya kwangu fundi aliisajili kwa jina lake. Januari 2020 zilipofungwa laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole, king'ora changu kikawa bubu wiki nzima kabla sijashtuka. Sajili kwa jina lako, weka vocha, na ile namba ya siri ya boksi iliyotoka kiwandani nayo ibadilishe. Betri ya ndani ya boksi ikiwa imevimba itoe kabisa, maana umeme ukikatika haitakusaidia na inaweza kukuletea moto.

Mimi sasa kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi nawasha ulinzi, mwanangu anapita chumba kimoja kimoja, mimi nakaa na simu uani nikihesabu meseji. Zikija sita, tunakula. Zikija tano, mita inatoka kabatini.

Kisu cha meza kinafungua kasha la ile ya sebuleni, kuna kishikizo chini yake. Ipige picha bodi pande zote mbili, uitupie hapa tuone ni 2262 au 1527.