Monita mbili, kompyuta moja, mbona rangi hazifanani?

SWALI: Salaam aleikum fundi. Kuna ofisi huku Shimanzi walikua wanasafisha stoo nikachukua kompyuta ya kitambo ya IBM yenye kadi ya CGA (ile inayotoa picha kwenda kwa monita) na monita mbili za pini 9, moja IBM 5153, ingine haina jina la maana, halafu na monita ya Sony Trinitron ya VGA, ule mfumo wa picha uliokuja baada ya CGA, inchi 17. Sasa gemu ile ile, 5153 inanipa ardhi kahawia safi, ile ingine inatoa manjano chafu kama embe bovu. Imekufa? Na hio Trinitron ina nyuzi mbili nyembamba zimekata kioo kwa upana, ni mikwaruzo? Mamangu ashasema nibakishe moja tu. – Msomaji, Kisauni

JIBU: Waaleikum salaam ndugu yangu. Haijakufa yakhe, tena ukiniuliza mimi hio isokua na jina ndio inasema ukweli. CGA ya 1981 inatuma nyaya nne za kuwaka na kuzima tu, nyekundu, kijani, bluu, na ya nne ya kuongeza mwanga, ndio maana ukihesabu zinatoka rangi 16 basi. Ile rangi namba 6, ndio hio ya ardhi ya gemu lako, ni nyekundu na kijani zimewaka bila ule mwanga wa ziada, na hapo kihesabu unapata manjano iliyofifia, embe lako hilo. IBM wakaweka sakiti ndani ya 5153 yenyewe, ikiona mchanganyiko huo inapunguza kijani, inakua kahawia. Waliokua wanabana bei wengine hawakujisumbua nayo.

We weka rangi zote 16 kwa skrini. Kama 15 zinafanana kwa monita zote mbili na ni hio moja tu inatofautiana, monita ni nzima. Lakini ikiwa nyekundu imepotea kila mahali, angalia pini za kebo, chumvi ya hewa yetu hapa Mombasa inazila vibaya sana.

Trinitron usiishindanishe na hizo, ni mambo mengine kabisa. VGA ya 1987 inatuma rangi kwa viwango, kila waya una ngazi 64, jumla 262,144, na kwa gemu za nukta 320 kwa 200 unapata 256 kwa pamoja. Kahawia inatengenezwa na kadi, monita inaonyesha tu ilichopewa. Wala usitafute adapta ya pini 9 kwenda 15, CGA inachora mistari ya picha kwa kasi ya 15.7 kHz (kama elfu 15.7 kwa sekunde) na VGA 31.5, haitashika. Zile nyuzi ni kivuli cha waya zinazoshikilia vyuma vyembamba vya ndani, kila Trinitron ya saizi hio inazo, ukicheza kidogo huzioni tena.

Ukilinganisha, ziache ziwake nusu saa kwanza, spika weka mbali manake sumaku inatia madoa ya rangi, na Trinitron ubonyeze digausi, kile kitufe cha kuondoa usumaku kwenye kioo.

Kama kompyuta ni hio hio ya CGA, baki na 5153, ndio inakupa kahawia safi, sioni cha kufikiria hapo. Trinitron ni tamu kuliko zote, lakini bila kompyuta ya VGA utaitazama ikiwa nyeusi. Na usifungue nyuma eti unatafuta hio sakiti, kioo kinashika volti maelfu hata ukishachomoa stima.